Siku Kikuubo Iliposikiliza Chuma Kikipoa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapozima injini na kusikia chuma kikianza kupoa. Nikiikumbuka, nywele za mikono hunisimama.

Lakini kwanza umjue anayesema nawe. Niliondoka Kyebando, mtaa wetu hapa Kampala, na mfuko mmoja wa plastiki. Nilirudi kutoka Dubai na stashahada ya ufundi wa mitambo, na pikipiki kubwa ya safari ndefu niliyoinunua kwa jasho langu. Sikupewa na mjomba, wala sikuiokota. Mchana nilibeba mizigo ghalani, jioni nilikaa darasani na vijana walionishinda Kiingereza lakini hawakunishinda mtihani. Utaniambia najisifu. Najisifu, ndiyo, na cheti kinaning'inia pale ukutani kwa yeyote mwenye shaka.

Nawaona siku hizi mkija gereji kwangu na mapikipiki yenu makubwa, mkienda Kabale, mkienda Fort Portal. Mnaniuliza oili gani, rejeta gani. Hakuna anayeniuliza amekalia nini. Umekalia moto, mwanangu. Ndani ya kile chuma katikati ya magoti yako moto unawaka na kuzimika kwa kasi ambayo moyo wako usingeiweza hata ukikimbizwa na simba. Maji yanapita kando yake kwenye njia nyembamba, yanalibeba joto na kulipeleka mbele kwenye rejeta, na upepo unalipokea na kwenda nalo. Moto, maji, chuma na upepo, vitu visivyopendana, vimepatana ili wewe ufike Mbarara. Mwalimu aliponieleza jambo hilo mara ya kwanza nilisema subhanallah kwa sauti, darasa zima likanigeukia. Mpaka leo sijaacha kushangaa.

Kule jangwani niliipanda saa ambazo jua linalainisha lami, na mshale wa kipima joto haukutikisika. Nikajiambia, Kampala yenye vilima na mvua itanifanya nini? Kumbe asiyefunzwa na jangwa atafunzwa na foleni.

Nina dada mmoja, Zamzam. Nilipokuwa nikiondoka alikuwa mtoto wa shule ya msingi, akaning'ang'ania koti mlangoni. Nikamwambia, niachie, nami siku ya nikaha yako nitakubeba mwenyewe kwa pikipiki yangu. Wakati huo sikuwa na hata baiskeli. Yeye aliiweka ahadi ile kama watu wanavyoweka dhahabu. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki, na aliyetulea ni Shangazi Hawa, muuzaji wa sufuria kwa jumla pale Kikuubo, soko la katikati ya mji, mwanamke ambaye akikohoa wachukuzi husogea. Siku ya nikaha ilipofika, mimi ndiye niliyekuwa walii wa Zamzam. Nisipofika, hakuna wa kumwoza.

Watu wa bwana harusi walitoka Bombo na kutungoja msikitini upande wa Old Kampala. Mjomba wao, Mzee Ramadhani, alikuwa ametutumia salamu kavu: swala ya adhuhuri ikiisha na hatujaonekana, watahesabu kwamba tumewajibu kwa dharau, nao watarudi kwao.

Kwetu nyumbani chombo kinachombeba bi harusi huvikwa nguo ya mama yake. Basi tukaichukua shali ya hariri ya marehemu mama, yenye tamvua ndefu, tukaifunga mbele ya pikipiki, juu ya rejeta, na maua ya kitambaa pembeni. Nilijua kwamba pale ndipo mashine inapopumulia. Nilijua kuliko mtu yeyote Kyebando. Lakini ilipendeza mno, mwanangu, na wanawake walikuwa tayari wanapiga vigelegele.

Njia fupi ya msikitini haipiti Kikuubo. Niliichagua Kikuubo kwa sababu ndiko walikoniona nikiondoka na ule mfuko wa plastiki.

Unapajua mahali pale: mikokoteni, marobota, magari yanayoshusha sukari, wachukuzi wenye mizigo kichwani wakipiga kelele, "Fasi! Fasi!" Tukaingia, na tukakwama. Shangazi alikuwa nyuma yetu kwenye gari la kukodi, naye amekwama. Nilikuwa nikipiga resi pale pale nilipo ili watu wasikie mngurumo. Mshale ukaanza kupanda.

"Kaka," Zamzam akasema mgongoni mwangu, "mguu wangu unaungua."

"Vumilia kidogo, bi harusi. Watu wanatutazama."

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu niliyaona, nikayapungia mkono. Taa nyekundu ikawaka. Ikaja harufu tamu ya dawa ya rejeta, halafu mvuke ukatoka mbele, ukapenya shali ya mama kama moshi wa ubani. Nikazima. Nikamteremsha Zamzam, nikamkalisha juu ya gunia la sukari mbele ya duka la mtu.

Umati ulikusanyika kabla sijavua kofia. Kijana wa boda alikuwa wa kwanza. "Ssebo, bwana mkubwa, ndege yako imegoma kuruka? Lete bi harusi hapa, kaboda kangu hakachemki!"

Watu wakacheka mpaka mikokoteni ikasimama. Mwingine akaja mbio na dumu la maji. "Sogea, ssebo, tuimwagie yote, ipoe mara moja!" Na mfanyabiashara mmoja mzee, kutoka mlangoni kwake, akanitupia methali kama jiwe: "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako!"

Nikavua koti, nikalizungushia mkononi, nikauweka mkono kwenye kizibo cha rejeta. Nilitaka jambo moja tu, kicheko kile kiishe.

Mkono mwingine ukanishika kifundo cha mkono. Shangazi Hawa alikuwa ameacha gari na kuja kwa miguu.

"Unafanya nini?"

"Nafungua, Shangazi, nitie maji twende."

"Cheti chako kinasemaje?"

Nikautazama umati.

"Nimekuuliza mbele ya watu, nijibu mbele ya watu."

"Kinasema usifungue ikiwa imechemka. Maji yamebanwa mle ndani. Yatakurukia usoni."

"Na dumu la huyu?"

"Maji baridi juu ya chuma cha moto, chuma kinaweza kupasuka."

"Kumbe unajua!" Akaniachia mkono. "Sasa aliyekuamuru ufungue ni nani, elimu yako au macho ya hawa? Niliuza sufuria ngapi ili uende ukasome, halafu unakuja kusahau hapa Kikuubo? Walii akiungua uso, nani atamwoza dada yako? Wewe wa boda?"

Kijana wa boda akainamisha kichwa. "Pole, nnyabo. Pole, mama."

"Na wewe mwenye dumu, Mungu akulipe. Weka chini, yatatufaa."

Simu yake ikalia. Alikuwa Mzee Ramadhani, na simu ya Shangazi huongea kwa sauti kubwa kama mwenyewe. Sote tukasikia. "Hajjati, watu wanatoka msikitini. Mko wapi?"

"Kikuubo. Mashine ina homa, inapoa."

"Boda zimejaa mji mzima, Hajjati. Mpandisheni moja mje."

Shangazi akamtazama Zamzam pale juu ya gunia. Zamzam hakuinua uso. "Mimi niliahidiwa hii," akasema.

"Umesikia, mzee? Bi harusi anangoja. Je, kwenu hakuna anayejua kungoja?"

Simu ikapita mkono mwingine. Halafu ikaja sauti nyingine, changa, yenye woga kidogo, sauti ya bwana harusi mwenyewe. "Mwambieni nangoja."

Wanawake wa maduka ya vitenge wakapiga vigelegele. Shangazi akainua kiganja. "Nyamazeni sasa. Hebu tuisikilize."

Wakanyamaza, mwanangu. Kikuubo, ambako hata siri husemwa kwa kupiga kelele, ilinyamaza. Na katika ukimya ule tukaisikia: tik. Tik, tik. Tik.

"Inasema nini?" akauliza yule wa boda kwa kunong'ona.

Nikawaeleza. Nikawaambia kwamba chuma kikipata moto huvimba, na sasa kinarudi kwenye kimo chake, kipande kwa kipande, na kila tik ni kipande kimoja kikijikunja mahali pake. Nikawaeleza njia ya maji na kazi ya upepo. Jangwa halikuichemsha, nikasema, kwa sababu kule tulikuwa tunakwenda. Hapa tumesimama, na nimeifunga pua. Wachukuzi walitua mizigo. Mfanyabiashara mzee alitoka mlangoni akaja karibu na mkono nyuma ya sikio. Nimefundisha watu wengi tangu siku ile, lakini sijapata tena darasa kama lile, limeduwaa mbele ya chuma kinachopoa kama watu waliomzunguka mtoto mchanga akipumua.

Shangazi akaifungua shali. Tamvua zake zilikuwa zimeingia kwenye feni na kuifunga isizunguke. Nikazichomoa polepole, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Shali haikuchanika, ilikwajuka tu pindoni. Shangazi akaikung'uta, akamvika Zamzam. "Mama yenu alikuwa wa kufunika mabega ya watoto," akasema. "Hakuwa wa kuziba watu pumzi."

Nilipoweza kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo bila kuruka, nikakizungusha kizibo kidogo kwa kitambaa. Kikapumua. Nikangoja tena, kisha nikafungua, nikatia maji ya lile dumu kidogo kidogo, na mwenye dumu akisimama kando kama mfadhili wa msikiti.

Lakini sikuiwasha. Nikamwinua Zamzam juu ya kiti, nikashika usukani, na wachukuzi wenyewe wakaja nyuma kusukuma. Kijana wa boda akatangulia mbele, akitanua mikono: "Fasi! Fasi! Bi harusi anapita!" Tukampitisha dada yangu Kikuubo nzima injini ikiwa imelala, mpaka kwenye barabara yenye upepo. Hapo nikawasha. Mshale ukakaa mahali pake, na feni ikanguruma kwa heshima.

Msikitini, Mzee Ramadhani alikuwa amesimama kivulini, uso umekunjwa. Hakunipa mkono. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha pale. Kisha akasema, "Imepoa." Na uso wake nao ukakunjuka. Nikamwoza dada yangu.

Basi nisikilize, mwanangu. Rejeta usiivike pambo lolote, hata liwe zuri vipi. Kwenye foleni isiyotembea zima, shuka, sukuma. Chuma kilichochemka usikimwagie maji wala usikifungue. Kipe muda, na kiganja chako kitakuambia saa. Hayo ni ya injini, na cheti changu kinayathibitisha. La Shangazi ni hili: ukijua jambo, lijue hata watu wanapokucheka. Elimu inayokimbia mbele ya kicheko bado haijawa yako. Na moyo wa mtu nao ni chuma. Ukimwona ameiva kwa hasira usimmwagie maneno baridi wala usimlazimishe kufunguka. Keti karibu naye, usikilize mpaka uisikie tik ya kwanza. Zamzam na mumewe wameishi hivyo mpaka sasa. Kijana aliyejua kungoja simuni anajua kungoja nyumbani.

Mwenyezi Mungu aliyepatanisha moto na maji ndani ya chuma kidogo akupatanishe na safari yako. Akupe upepo mbele yako, na unapokwama, akupe mkono wa kukushika kifundo.