Mbegu ya Handeni kwenye Kompyuta za Manundu

Miaka ile kampuni binafsi za intaneti zilipoanza kufika miji midogo, mama mmoja alihamisha duka lake la intaneti kutoka Handeni akalileta Manundu, hapa Korogwe. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta mtaa wa jirani. Asubuhi ya kufungua duka aliniita: taa za modemu zinawaka, lakini hakuna ukurasa unaofunguka.

Mteja wake wa kwanza alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mfugaji mzee kutoka mbuga za Handeni, fimbo magotini. Alizoea kusomewa barua pepe na mama huyu, kwa hiyo alimfuata hadi huku. Binti yake aliyesoma ng'ambo alikuwa njiani kurudi, na mzee alitaka kujua siku tu. Nyasi za kwao zilikuwa zimekwisha. Kama binti angechelewa, yeye angehama na ng'ombe kesho yake. Kama yu karibu, angemngoja. Basi la kurudi lilikuwa la mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mganga wa hizi?"

"Najaribu."

"Jaribu upesi. Ng'ombe wangu hawana waya, lakini njia ya maji hawaipotezi."

"Mzee, usituaibishe mbele za watu," mama alisema.

"Watu gani? Tuko watatu."

Niliandika anwani ya tovuti moja kwa tarakimu badala ya jina. Ikafunguka. Basi njia ilikuwa nzima, ila majina hayakuwa na wa kuyaelekeza. Nilipotazama mipangilio ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa tarakimu, nikakuta anwani zimejazwa kwa mkono.

"Fundi wa kampuni mpya ya intaneti, ya huku, aliacha hapo patupu," mama alieleza. "Nikadhani kasahau, nikaweka zile za Handeni. Kule hazikuniangusha."

Sikushangaa. Kwetu anayehama hubeba mbegu ya shamba la zamani.

"Mzee," niliuliza, "mgeni akishuka stendi akiitafuta nyumba ya mama huyu, amuulize nani?"

"Mtu wa Manundu."

"Kompyuta hii bado inamuuliza mtu wa Handeni. Tena yule ni wa kampuni ya zamani, huwajibu wateja wake tu."

"Hata mimi nisingejibu."

Nilimwonyesha mama pa kubonyeza ili kompyuta ipokee yenyewe anwani za DNS kutoka kampuni inayomhudumia. Patupu pale palikuwa sawa, nikamwambia, na kuwa na shaka napo ni dalili ya mtu makini. Akabonyeza mwenyewe. Ukurasa wa barua pepe ukafunguka, naye akasoma kwa sauti: binti atafika Jumamosi hii.

Mzee aliomba asomewe tena. Kisha akaegemeza fimbo ukutani.

"Mwandikie ng'ombe watatangulia na mdogo wangu. Mimi nipo nyumbani."