Saa ya Kinshasa Mkononi mwa Ya Khadija

Katika parsele zetu, nyua zinazopakana nyuma ya msikiti, hapa Kisangani, mwezi wa Ramadhani hatukuhitaji saa. Tulikuwa na Ya Khadija; "Ya" kwetu ni kama kusema dada mkubwa. Kabla ya alfajiri alipita mlango kwa mlango na fimbo yake, akagonga, akaita jina la mwenye nyumba, na hakusogea mpaka ajibiwe "Tumeamka!" Ukijibu kivivu, aligonga tena.

"Bado iko mutu ndani ao ni maiti? Amuka, daku inaisha!"

Ndipo watu walipopasha moto chakula, wakala, wakanywa maji yao, wakatia nia ya kufunga.

Kazi hiyo ilikuwa ya mume wake, papa Daudi. Alipofariki, wanaume walijitolea kuishika. Mmoja alilala usiku wa kwanza. Mwingine alioa mke mdogo, hatukumsikia tena. Ya Khadija akachukua fimbo bila kumwomba mtu ruhusa. Wazee fulani walinung'unika kwamba si kazi ya mwanamke, halafu wakanyamaza, maana walikuwa wanashiba.

Mchana anauza samaki wa kukaushwa sokoni, wale wanaoletwa na mashua kutoka Barumbu. Ni mwanamke mnene, mwenye tension, ile presha ya damu, na mdomo wake hauna mlango. Nimemfahamu tangu tukiwa wasichana na sijawahi kumwona akimwogopa mtu. Lakini mwezi wa Ramadhani, sauti ikitoka ndani ya nyumba na kumjibu, "Tumeamka, Ya Khadija, aksanti," uso wake ulikuwa unabadilika. Kwa neno hilo moja angetembea kwa miguu mpaka Banalia.

Mwaka huu binti yake Safiya, anayefanya kazi Kinshasa, alimtumia brasele, ile ya mpira mweusi inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Daktari alisema mama atembee. Brasele itaonyesha kama anatembea kweli ama anadanganya. Safiya aliivaa kwanza yeye mwenyewe siku mbili tatu kuona kama ni nzima, kisha akamkabidhi msafiri, na msafiri akashuka nayo uwanja wetu wa ndege, Bangboka.

Hatua, Ya Khadija hakujali. Alichopenda ni saa. Ukiinua mkono tu, inawaka yenyewe, tarakimu kubwa hata kwa mwenye macho mabovu. Jioni ileile alipoipokea alipita kwetu akiinua mkono ovyo, mara ajikune sikio, mara atengeneze kitambaa cha kichwa, ili tuone. Umeme ulikuwa umekatika, simu yake ndogo ya vitufe imezimika. Nikamuuliza ataamkaje.

"Na hii iko kwa mukono ni nini?" akanijibu. "Simu ya nini tena?"

Usiku mvua ilianza, mvua ile ya kwetu isiyo na haraka. Ya Khadija alipita na fimbo yake kama kawaida, au ndivyo tulivyodhani. Tuliamka, tukamjibu, tukawasha moto. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kimya kwa sababu ya umeme. Mwadhini, kumbe, alikuwa ameshaadhini kwa mdomo wake tu, na mvua juu ya mabati ilimeza sauti yote. Nyumbani kwangu tulikuwa tunakula lituma, ndizi zetu za kupondwa, na mchuzi wa samaki, tunakula taratibu, watu wasio na wasiwasi.

Ndipo kengele ya parokia ikalia.

Kila Mwislamu wa mtaa wetu anaijua kengele hiyo. Inawaita Wakatoliki kwenye misa ya asubuhi, na ikilia sisi tumeshaswali zamani, wengine tumeshajirudisha kitandani. Nilikuwa na tonge la lituma kwenye shavu. Niteme? Nimeze? Mume wangu akanitazama kama vile ni mimi niliyeipiga.

Nikafungua mlango. Mvua ilikuwa imepungua, na kulikuwa kumepambazuka. Si weupe wa kubahatisha. Niliweza kuhesabu kuku wa jirani.

Watu wakatoka uani mmoja mmoja, wanafuta midomo. Madina, jirani wa upande wa kisima, ndiye aliyeanza.

"Ya Khadija! Ulituamusha kwa daku ao kwa chai ya asubui?"

Ya Khadija akatoka na kikombe mkononi. Akainua ule mkono wa brasele.

"Muangalie benyewe! Bado iko usiku. Bapadri beko na kengele ya wazimu."

"Na jua?" Madina akauliza. "Jua nayo ni ya bapadri?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu Ya Khadija hakujibu. Ya Khadija, asiyeshindwa kwa maneno hata na wapakiaji mizigo wa bandarini! Alitazama mbingu, akatazama mkono, akatazama kikombe. Akakiweka chini kwenye matope, na chai yote ndani.

Soko lilipofunguka nilimsindikiza kwa Mama Kyakimwa, mwanamke wa kabila la Wanande anayeuza simu na chaja karibu na wauza vitenge. Mama Kyakimwa ana mikono mepesi na hapendi kupoteza maneno. Alisikiliza habari yetu, akaigeuza brasele, akaigusa gusa, akacheka puani.

"Mama, hii inaonyesha saa ya Kinshasa."

"Vipi ya Kinshasa? Brasele iko kwa mukono yangu, na mukono yangu iko hapa Kisangani."

"Yenyewe haijue vile. Kitu kama hii haina saa yake. Inakamata saa ya telefone yenye iliungwa nayo. Nani aliiunga?"

"Mutoto wangu, kule Kinshasa."

"Alors! Kinshasa beko nyuma yetu saa moja nzima. Haujue?"

Alijua! Hapo ndipo palipomchoma. Nani asiyejua, katika mji huu, kwamba Kinshasa wana saa yao na sisi tuna yetu? Kila wiki Ya Khadija humpigia Safiya na kumgombeza: huku giza limeingia, tumeshakula, wewe bado uko njiani? Kila wiki Safiya humkumbusha. Alijua kama anavyolijua jina lake, ila hakufikiri kwamba saa ya mji mwingine inaweza kupanda ndege na kuja kukaa mkononi mwake.

Mama Kyakimwa alijaribu kuisogeza saa palepale kwenye brasele. Haikukubali, haina mahali pa kuigeuzia. Akajaribu kuiunga na simu yake, ikakataa pia, bado inamtambua Safiya. Basi akampigia simu Safiya mbele yetu.

"Safiya, ni mie Kyakimwa wa telefone. Fungua ile aplikasyo, uiachilie brasele ya mama. Ukiishaiachilia, mimi nitaikamata huku."

Tulingoja. Kisha Mama Kyakimwa akaitafuta tena, akaiunga na simu yake yenye saa ya hapa, na tukaona kwa macho yetu: brasele ilitetemeka kidogo, tarakimu zikaruka mbele saa nzima. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Jambo dogo kama kufunga kifungo cha shati.

"Voilà. Na saa ya simu yako nayo uiache kwa Lubumbashi, ni moja na yetu. Usiiweke Kinshasa." Halafu, maana ulimi nao una haki yake: "Donc leo mulifunga na tumbo yenye kujaa? Mungetuambia, na sie Bakatoliki tungefunga pamoja na nyinyi!"

Ya Khadija hakucheka. Simu ilikuwa bado wazi, na sauti ya Safiya ikatoka ndani yake:

"Mama? Kuna nini? Mama, ilifanya nini?"

"Hakuna kitu," Ya Khadija akasema. "Aksanti kwa zawadi, mutoto wangu. Iko muzuri sana."

Akaivua, akaitia ndani ya kitambaa, pamoja na pesa za samaki.

Kutoka pale tulikwenda kwa Shehe Lukumani, imamu wetu. Alimsikiliza vizuri. Akasema aliyekula baada ya alfajiri akidhani ni usiku hana dhambi. Aendelee kujizuia mpaka magharibi, na baada ya Ramadhani ailipe siku ile.

"Ni siku moja tu, mama. Usijiue."

"Siku moja kwa kila mutu, Shehe. Kwa kila mutu wa kila nyumba."

Shehe akasema atatangaza yeye baada ya swala ya alasiri, bila kutaja jina. Hapo Ya Khadija akakumbuka kuwa ana mdomo.

"Bila kutaja jina? Nani hapa anaamusha batu, paka? Niliwaamusha kwa mulango, nitawaambia kwa mulango."

Basi alipita. Mchana, jua baada ya mvua, matope yanatoa mvuke, na yeye amefunga kama sisi, na siku yake mwenyewe nayo haihesabiki. Nilimfuata kwa nyuma kidogo. Alisema maneno yaleyale kila mahali: "Nilikosa saa. Daku ya leo ilikuwa nje ya wakati. Mutalipa siku moja. Munisamehe." Wengine walicheka, na hao walikuwa nafuu. Madina alisema, "Mie nitalipa siku, na weye utanilipa samaki," akampa mkono. Waliomuumiza ni wale waliosema "haya" tu, na macho yao yakashuka kwenye mkono wake, kutafuta ile brasele. Akaanza kuuficha mkono ndani ya kitenge.

Mlango wa mwisho aliuacha makusudi, na nilijua kwa nini. Ni wa papa Mohamadi, seremala mzee, anayeishi peke yake kwenye chumba kinachogusana na ukuta wa msikiti. Ni mwembamba, anakohoa, na Shehe mwenyewe alimwambia asifunge. Anafunga. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba huenda hii ni Ramadhani yake ya mwisho, na anataka kuimaliza bila pengo.

Tulimkuta amelala kwenye mkeka mlangoni. Ya Khadija alipiga magoti.

"Papa, nimekuja kukuambia kitu kibaya. Ile daku ya leo..."

"Mimi sina siku ya kulipa," papa Mohamadi akasema.

"Papa, unayo. Nilikuamusha, ukaniitika, ukakula."

"Nilikuitika. Sikukula." Akakohoa, tukangoja. "Mwadhini aliadhini hapa kwa ukuta, nikamusikia mimi. Nilikuwa nimeshaswali. Ukagonga, ukasema amuka, nikasema nimeamuka. Ni uongo?"

Ya Khadija akamsogelea.

"Na daku ulikula saa gani, papa?"

Mzee akageuza uso upande wa ukuta.

"Uji wangu napasha wakati unagonga. Nilikuwa nakungojea weye."

Tangu futari ya jana, basi, hakuwa ameonja kitu. Mzee yule, na kifua kile. Ya Khadija alikaa chini kwenye udongo wenyewe, miguu imenyooka kama mtoto.

"Ungeniambia! Nilikuwa hapo mlangoni. Ungepiga kelele, batu bangeacha kula!"

"Ndiyo. Nilipaswa kusema." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona utaona haya. Nikaona haya mbele yako. Ndipo nikanyamaza."

 Jua lilipozama Ya Khadija alimpelekea futari yake, uji, samaki, hata machungwa yaliyomenywa, akaiweka mbele yake na kuondoka bila kukaa. Njiani aliniambia: "Kesho sipite. Batafute mutu mwingine." Nikamwambia asiseme upuuzi. Akaongeza mwendo.

Jioni ile watu wa mtaa walipanga foleni kwa mwenye jenereta ili kuchaji simu zao. Watu ambao tangu papa Daudi yuko hai hawakuwahi kujua simu zao zinalia vipi alfajiri, sasa walikuwa wanafundishana kuzitegesha. Nasi tulichaji ya kwetu. Siwezi kusingizia wengine.

Usiku huo, kabla ya alfajiri, simu zilianza kulia mapema, hapa na pale, kama majogoo wa plastiki. Taa ziliwaka nyumba kwa nyumba. Tulikuwa tumeshakaa mbele ya sinia niliposikia fimbo. Alikuja. Kwa wakati wake barabara, hata sekunde sijui kama ilipungua.

"Madina! Daku!"

"Tunakula kitambo, Ya Khadija!" Madina akajibu, na chakula mdomoni.

Nyumba ya pili hawakujibu, walikuwa wanacheka jambo lao ndani. Ya tatu walijibu "Ndiyo, ndiyo," kama mtu anayemfukuza mwuza mikate. Kila mlango sauti yake ilishuka. Alipofika kwetu hakuita jina la mume wangu. Aligonga mara moja, polepole. Nilisema, "Tumeamka, Ya Khadija, aksanti," na kijiko kikaanguka kwenye sahani ya bati, kikalia mpaka nje. Akasimama kidogo, akapita.

Nikatoka nyuma yake, sijui kutafuta nini. Mwisho wa parsele, kando ya ukuta wa msikiti, chumba cha papa Mohamadi kilikuwa giza tupu. Dirisha pekee lisilo na taa katika mtaa mzima. Ya Khadija aliliona, akasita, fimbo hewani. Kisha akagonga.

Kimya.

"Papa Mohamadi!" Sauti ilikuwa imerudi kidogo. "Papa, daku!"

Kitanda kikalia. Kikohozi. Halafu sauti nzito ya mtu aliyekuwa usingizini kwelikweli:

"Nimeamuka, mama."

Hakusogea. Alingoja mpaka taa ikawaka ndani, mpaka tukasikia sufuria ya uji ikiwekwa juu ya moto. Ndipo akageuka kurudi kwake. Alizunguka kwa upande wa barabara, kwenye matope, asipite tena mbele ya milango yetu.