Mwezi Niliompeleka Nuru kwa Baba Yake, Guangzhou

Sikwenda China kutalii. Nilikwenda kwa sababu binti yangu Nuru, mwenye mwaka na nusu, alikuwa anaamini baba yake anaishi ndani ya simu. Mume wangu Elisha alipata ufadhili wa masomo Guangzhou nikiwa mjamzito, basi mtoto akawa anabusu kioo tu. Bosi wangu wa Kariakoo akanipa ruhusa ya Oktoba yote, kwa sharti nimchagulie magauni ya kuuza Krismasi. Nikajiambia, mwezi unatosha mtoto kumjua baba.

Uwanja wa ndege, Guangzhou. Elisha alikuja na maua kama anampokea waziri. Akanyoosha mikono. Nuru akamtazama, akapiga yowe watu wakageuka, kisha akaninyang'anya simu: "Baba! Baba!" Nikacheka mpaka mwenye maua akanuna.

Tulifikia mtaa wa Xiaobei, kwa Mama Furaha, Mkongo anayesafirishia watu mizigo. Wenyeji walisema ni msimu wa majani kupukutika. Sikuona hata jani moja likianguka. Kilichoanguka ni jasho langu. "Zoea, mama," Mama Furaha aliniambia. "Huku baridi inakuja na barua ya mwaliko."

Jumapili ya kwanza nikajua nimeolewa na nani. Waafrika Mashariki wachache husali sebuleni kwa Mama Furaha, na mwenyekiti wao ni Elisha. Kwenye matangazo akasimama: "Mke wangu amekuja, na atatupikia pilau ya Sikukuu ya Mavuno. Tuseme Amina!" Wakasema. Hakuniuliza. Na ninyi mnajua kanisani kwetu: tangazo likishaitikiwa Amina, halirudi. Jumapili ya pili nikatangazwa mwalimu wa watoto. Ya tatu sijui ningetangazwa mchungaji!

Siku za katikati ya wiki, asubuhi Elisha alikuwa chuoni, jioni kwaya, kesho yake kutembelea wagonjwa. Nuru alimwona baba yake kisogo tu, akitoka. Akijaribu kumbeba, yowe.

"Elisha, mwanao hakujui."

"Mama Nuru, hii ni kazi ya Mungu."

"Na huyu mtoto ni kazi ya nani? Ya jirani?"

Akachukua Biblia yake akaenda mazoezini. Nilitaka kumrushia mwiko.

Jumapili ya tatu, kabla hajafungua mdomo wake, nikasimama. "Bwana asifiwe! Mwenyekiti wenu ameguswa. Jumamosi ijayo, kutwa nzima, atakaa na mwanawe peke yake, mimi niende kazini. Na simu ataizima, huduma isiingiliwe. Tuseme Amina!"

"Amina! Haleluya!" Mama Furaha alipiga kelele kuliko wote. Elisha alinitazama kama nimemuuza.

Jumamosi, Zhanqian Road. Maghorofa ya nguo karibu na stesheni ya treni, magauni mpaka kwenye ngazi. Kila nikitaka kupunguziwa bei, mwenye duka anatikisa kichwa: "Meiyou, meiyou." Hakuna, hakuna. Siku nyingine ningebishana naye mpaka atoe machozi. Siku hiyo masikio yangu yalisikia mtoto akilia kwenye kila kona. Nikapiga simu kwa Elisha. Imezimwa. Nani aliamuru izimwe? Mimi mwenyewe, mbele ya kanisa! Nikamaliza kuchagua haraka haraka, nikakimbilia metro na mfuko mkubwa, nikijitukana njia nzima.

Xiaobei, jioni. Mama Furaha alinizuia mlangoni, akicheka kimyakimya. "Usiingie na fujo. Chungulia kwanza."

Elisha alikuwa jikoni anakoroga uji ulioungua. Nuru alikuwa mgongoni mwake, kafungwa kwa kitenge changu kizuri, vibaya mno, mguu mmoja ndani mwingine nje, anamvuta sikio.

"Alilia mpaka mchana," Elisha akasema.

"Halafu?"

"Halafu nikalia na mimi. Akanyamaza, akaniangalia. Akanipa biskuti aliyokwisha kuitafuna."

"Ukaila?"

"Ningefanyaje?"

Wiki ya mwisho mwenyekiti aliendesha vikao na mtoto mgongoni, na vikao vikawa vifupi ajabu. Pilau ya Mavuno nilipika, ila vitunguu alimenya yeye, na safari hiyo machozi hayakuwa ya huruma.

Uwanja wa ndege tena, kurudi. Nuru alimng'ang'ania baba yake shingoni, ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Elisha alibaki amesimama, kola imepinda.

Nilichojifunza ni kifupi, akina mama wenzangu: ukiona mume anajificha kwenye huduma, usigombane naye nyumbani. Mtafutie huduma nyingine, uitangaze mwenyewe.

Ndani ya ndege Nuru alilia bila kupumzika. Kaka mmoja wa kiti cha mbele akageuka na jicho kali. "Dada, huyo mtoto ana nini?"

"Vumilia, kaka," nikamjibu, kwa sauti ya kufika hadi viti vya nyuma kabisa. "Anamlilia baba yake."