Santuri ya Shangazi Tusekile

Mjukuu wangu ana wimbo mpya kwenye simu yake, wa kijana mmoja aliyejirekodi mwenyewe chumbani kwake. Kabla gitaa halijaanza unasikika mkwaruzo, kama mafuta yanayochemka kwa mbali. Mjukuu anasema umewekwa makusudi, wimbo uonekane wa kizamani. Nilicheka, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuhangaika chini ya meza. Mkwaruzo ule naujua, wenzangu. Nilipokuwa msichana mdogo niliufuata kutoka Mbeya mpaka Iringa.

Shangazi Tusekile, dada yake baba, alirudi kwetu milimani upande wa Rungwe katika msimu wa mvua zisizokatika. Alikuwa ameishi Rodeshia kwenye migodi ya shaba na mumewe, Ambakisye, mpaka siku mwamba ulipomwangukia yule bwana. Alirudi na sanduku la bati, gramafoni na santuri moja. Haikupita muda, ndugu za marehemu wakaja. Walikula ndizi zetu, wakasali kwa sauti kubwa, kisha wakaondoka na gramafoni. Walimtaka na shangazi, arithiwe na shemeji yake. Akakataa. Santuri hawakuiona, kwa sababu shangazi alikuwa ameifunga mgongoni kwangu kwa kanga, na mimi nikazunguka uani nikiibembeleza kama mtoto mchanga.

Ndani ya santuri ile alikuwamo Ambakisye mwenyewe. Shangazi alinieleza kwamba mzungu mmoja alipita kambini kwao na mashine ndani ya gari, akawarekodi wapiga gitaa waliokuwa wakicheza baada ya kazi. Hawakuwa bendi, wala hawakufundishwa na mtu. Ambakisye alitunga wimbo wake kwa Kinyakyusa, akaupiga kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa najua nyimbo za kanisani tu, na ngoma za mavuno. Kwamba mtu wa kwetu anaweza kukaa kwenye kigoda, akajitungia wimbo wake, na wimbo huo ukabaki duniani yeye akiwa hayupo, jambo hilo lilininyima raha. Niliiweka ile santuri sikioni. Niliitikisa kidogo. Haikusema kitu.

"Shangazi, anaimba nini humo?"

"Utasikia mwenyewe."

Lakini tungesikia wapi? Mchungaji alikuwa na gramafoni, ila baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, alisema chombo kile hakijazoea mambo ya vilabuni. Mjini Mbeya mwenye duka alituambia santuri chakavu zinamharibia sindano. Shangazi hakutulia tena. Alianza kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Akienda kisimani anarudi na ndoo tupu. Bibi alikuwa akimtazama na kusema, "Huyu miguu yake imeshaondoka, sisi tumebaki na kiwiliwili." Mwisho shangazi akaamua kwenda kuishi Iringa kwa dada yake mkubwa, nami nikapewa kazi ya kumsindikiza na kukaa naye huko.

Basi lilitutikisa siku nzima. Pale Igawa wanawake walituletea mahindi ya kuchemsha dirishani, na shangazi akanilisha kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa umeikumbatia santuri. Kila shimo barabarani lilipotupa, alifumba macho. Nami nilifumba.

Siku chache baada ya kufika Iringa, tukiwa njiani kwenda sokoni, tulisikia gitaa la santuri kutoka kwenye hoteli ya chai. Shangazi alisimama ghafla hata nikamkanyaga kisigino. Tulirudi nyumbani karibu mbio, akaichukua santuri, tukaingia hotelini tukihema. Mle ndani mlinukia maandazi na moshi wa kuni, na vijana wa mjini walikuwa wamekaa na kofia zao kichwani.

"Kamwene, mama," alitusalimu kwa Kihehe mwenye hoteli, mzee mnene mwenye taulo begani. "Chai?"

"Naomba unipigie hii."

Aliigeuza mikononi. "Ya bendi gani?"

"Si ya bendi. Ni ya mume wangu."

Yule mzee alifungua gramafoni yake. Aliifuta santuri kwa taulo, akaiweka, akazungusha mpini. Ukaja mkwaruzo, halafu gitaa, kisha sauti ya mwanamume, nyembamba, yenye kicheko ndani yake, kwa Kinyakyusa chetu: *Tusekile, funga mlango, baridi inaingia.* Ni hayo tu, na gitaa likiyazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Vijana wale walikuwa Wahehe, hawakuelewa neno, lakini mmoja alisimama, na mwingine, na meza zikasogezwa ukutani. Mimi nilicheza mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. Shangazi alisimama kando ya gramafoni, akimtazama kila aliyecheza, mmoja mmoja.

Ulipokwisha walitaka urudiwe. Ukarudiwa. Kisha yule mzee akasema, "Niuzie, mama."

"Siuzi. Baki nayo. Ila ukiipiga, usiikate katikati."

Nilidhani nimesikia vibaya. Njia nzima nililia kwa hasira. Nilimwambia amemtupa mumewe kwa watu asiowajua. Alinishika mkono tu, na kiganja chake kilikuwa cha moto.

Tangu siku ile kila Jumamosi tulikwenda sokoni kwa kuipitia hoteli ile, ingawa dada yake alikuwa ameshatuonyesha njia ya mkato. Nilinung'unika, kikapu kilikuwa kizito. Tukifika karibu na mlango shangazi alipunguza mwendo. Siku nyingine tulikuta kimya, siku nyingine nyimbo za watu wengine. Lakini zipo Jumamosi ambazo Ambakisye alikuwa mle ndani akiimba, na miguu ya watu inasikika sakafuni. Shangazi hakuingia hata mara moja. Alirekebisha kikapu kichwani na kuendelea na safari.

Miaka mingi baadaye nami nikawa mjane, nikajikuta siku moja nazunguka mtaa mzima ili nipite kwenye karakana ya seremala, ambako vijana waliofundishwa na mume wangu walikuwa wakiranda mbao na kubishana. Sikuwa na shida yoyote na seremala. Nilipunguza mwendo mlangoni, nikasikiliza, nikapita. Hapo ndipo nilipomwelewa shangazi.