Kware Chini ya Nyaya

Nilikuwa na mwaka wa tatu Jedda nilipopewa kazi ya kumwendesha mtaalamu wa wanyamapori, mama wa Kizanzibari aliyekuja kwa mkataba. Sote tulimwita Daktari. Mwajiri wetu alikuwa akijenga mitambo ya umeme wa jua jangwani, na Daktari alitakiwa kupima madhara yake kwa ndege wanaopita huko kila majira ya baridi. Paneli hazikumtia hofu sana. Alihofia nyaya za kupeleka umeme mjini, ambazo tayari zilikuwa zimetundikwa.

Kila alfajiri nilitoka mtaani kwangu Bani Malik, nikampitia kwake Al-Safa, tukaenda mwendo wa saa mbili hadi kwenye nguzo. Kazi yake ilikuwa kutembea chini ya nyaya akitafuta ndege waliokufa. Mimi nilipaswa kukaa garini, lakini nimekua nikichunga mbuzi Kitui, kukaa kunanichosha. Nikaanza kutembea naye, na kila nilichokiona akakiandika.

Asubuhi moja niliokota kware aliyekufa. Hatua chache mbele, mwingine. Nikaona wana uzi mwekundu mguuni.

"Daktari, hawa wamewekwa na mtu."

"Nimewaweka mimi jana," akasema. "Kumi. Nataka kujua utawapata wangapi."

Damu ilinipanda. Miaka ile wanawake walikuwa wameanza kuruhusiwa kuendesha magari, naye alikuwa amepata leseni mwezi uliotangulia. Nikajua anatafuta sababu ya kuniacha.

"Kama hunihitaji, niambie tu. Usinitege kama mwizi."

Akafunga daftari lake. "Kaka, sikupimi uaminifu. Napima macho. Wiki iliyopita mlinzi wa mitambo aliniwekea mimi, nikapata watatu tu. Tukiokota tai mmoja, lazima tujue tumewapita wangapi, na wangapi wamebebwa na mbweha kabla hatujafika. Nikiandika mmoja peke yake, nitakuwa nimedanganya."

"Na leseni?"

"Leseni ninayo. Macho yako sina."

Siku hiyo nilipata sita. Nilirudi mjini nikiona aibu, na pia nikihesabu kimoyomoyo ndege wote niliowahi kuwapita bila kuwaona.

Tai tulimkuta wiki mbili baadaye, kwenye nguzo za bondeni. Alikuwa hai. Alipotua, mabawa yake yalikuwa yamegusa nyaya mbili kwa pamoja. Bawa moja lilikuwa limeungua hadi mfupa, na kucha zimekuwa nyeusi. Nilimfunika kwa koti langu nikampakata, Daktari akaendesha gari. Njia nzima tai alinitazama bila kupiga kelele. Daktari wa mifugo mjini alilishika lile bawa, akatikisa kichwa, akasema, "Halas," yaani basi, imekwisha. Akamchoma sindano ya kumpumzisha. Niliondoka na koti linalonuka manyoya yaliyoungua, na sikulivaa tena.

Ripoti ilipokamilika tuliitwa Riyadh. Tulikwenda kwa gari, mizoga tuliyookota ikiwa kwenye kasha la barafu, nikalala kwa binamu yangu mtaa wa Al-Suwaidi. Kwenye mkutano bosi aliisoma ripoti, akasema ndege wachache hawawezi kusimamisha mradi.

"Sijaomba usimame," Daktari akajibu. "Naomba nyaya zifunikwe mpira kwenye nguzo. Aliyemkuta tai ni huyu hapa, muulizeni."

"Dereva anajua nini?"

Nilisimama. Kiingereza changu kilichanganyika na Kiarabu. Niliwaeleza kuhusu kware kumi na wale wanne nilioshindwa kuwaona nikiwa ninatafuta. Niliwaeleza jinsi tai alivyokuwa mzito mapajani mwangu. Hakuna aliyeniuliza swali.

Walikubali kufunika nyaya kwenye nguzo za bondeni. Zilizobaki, walisema, zitaangaliwa baadaye. Mkataba wa Daktari ulipoisha haukuendelezwa. Nilimpeleka uwanja wa ndege, akanipa daftari tupu na mkono wa kwaheri, akasema, "Endelea kutembea, kaka."

Nilibaki pale nikiendesha mafundi, na nilipopata nafasi nilitembea. Bondeni sikuokota kitu tena. Kwenye nguzo za mbele, zisizofunikwa, msimu uliofuata nilimkuta korongo mweupe, miguu imekunjamana. Nikampigia Daktari simu Unguja.

"Nguzo ya ngapi?" akauliza.

Nikamtajia. Kisha nikasikia kalamu yake ikiandika.