Spika Juu ya Kabati la Dawa

Mwenye duka letu la dawa hapa Hewa Bora alileta spika, akaiweka juu ya kabati na kuiacha ilie kutwa nzima. Hakutuambia sababu. Dada aliyefunga vidonge kwenye vifuko alifurahi na mikono yake ikachangamka. Mimi ndiye niliyesoma maandishi ya madaktari na kuandika maelekezo juu ya boksi, na tangu siku ile nilianza kurudia mstari mmoja kama mtu anayejifunza kusoma.

Nilihisi kuna jambo. Patron, ndivyo tulivyomwita mwenye duka, alikuwa na chumba chake nyuma ya duka, na kila nilipopunguza sauti alitoka, akaiongeza bila kunitazama. Nikamwambia dada, "Anaficha maneno ya simu yake."

"Yaya, muziki iko muzuri," alinijibu, akiniita kama dada yake mkubwa. "Kazi inaenda mbio."

Kisha mama mmoja akarudi na boksi la dawa ya mwanawe. Aliweka kidole kwenye mwandiko wangu.

"Mama, hapa munaandika 'mupenzi na mangaribi'. Njo kusema nini?"

Nilitaka kuandika asubuhi na jioni. Neno la wimbo lilipita masikioni likatokea kwenye kalamu, nami sikulisikia likipita. Mama yule alicheka. Mimi nilikuwa nikifikiria maboksi mengine yaliyokwisha kuondoka, na ambayo huenda hayakuchekesha mtu.

Siku umeme ulipokatika, duka likawa kimya. Nilisoma karatasi mbili tatu bila kukwama. Patron akatoka chumbani uso umelowa jasho, akavuka barabara na kusimama kando ya kinu cha mahindi kinachoendeshwa kwa mafuta. Hakuwa na unga wala mahindi. Nikajiambia, leo nitaijua siri yake. Nikamfuata.

"Patron, munangojea nani?"

"Hapana muntu. Natafuta makelele."

Sikumwamini, naye aliliona hilo. Akaniinamia ili nimsikie. Zamani kule Kipushi alifanya kazi kwenye mashine ya kuvunja mawe, na tangu hapo masikio yake hayajaacha kulia.

"Kukiwa kimya, inalia sana. Siwezi hata kujumlisha. Muziki inaifunika, njo akili inarudi."

"Kwa nini hamukutuambia?"

"Muntu wa dawa mwenye masikio ya kulia, nani atamuamini?"

Nilimweleza habari ya boksi. Alipangusa uso kwa kiganja. Kesho yake spika ilihamia chumbani mwake na mlango ukafungwa. Dada alinuna, akasema kazi imekuwa nzito. Mimi bado nilikuwa na wasiwasi: nilisoma kila boksi kwa sauti kabla ya kumpa mtu, na besi ilipopenya ukutani nilisoma mara ya pili.

Juzi nilienda kumuuliza jambo. Nilifungua mlango nikakuta rumba imejaa chumba kizima, naye ameinama juu ya hesabu zake, kalamu inashuka safu baada ya safu bila kusita. Alinyanyua kichwa.

"Sema, mama."

Nikasimama pale mlangoni. Nilichokwenda kuuliza kilikuwa kimeshanitoka.