Pesa ya Tuisheni Tuliyopanda Nayo Basi

Nilikuwa nimebeba kikapu cha majani kwenda senta, pale tunapouzia chai yetu, nilipomwona binti yangu kupitia ua wa miiba ya kayaba wa shule. Wenzake wa darasa la tano walikuwa ndani wakisoma kwa sauti. Yeye alikuwa peke yake uwanjani na slasha, anafyeka nyasi iliyomfika magotini. Ilikuwa wiki ya kwanza ya muhula wa tatu. Umande ulikuwa haujakauka, na sketi yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Nikamwita. Akaangalia nyuma kwanza, ndipo akaja.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mama. Ni adhabu ya mtalii."

"Mtalii gani?"

"Ni mimi. Ndiyo jina langu siku hizi. Mwalimu mkuu amesema watalii hawahitaji darasa, wanahitaji hewa safi."

Mimi subira ninayo. Nimechuma chai na mtoto mgongoni kwenye baridi ya Julai. Nimengoja lori pale senta mpaka giza likaingia na karani akaniambia majani yangu yameungua, niyarudishe nyumbani. Nikayarudisha. Lakini kwa hiyo hewa safi, wacha niseme ukweli, subira iliniishia. Nikaacha kikapu hapo hapo barabarani, nikapita getini bila kumsalimia mtu, nikamnyang'anya mtoto slasha.

"Ingia darasani," nikamwambia. "Hii nyasi nitafyeka mimi."

Mwalimu mkuu akatoka ofisini kwake na kikombe cha chai mkononi.

"Mama, hapa ni shule, si shamba lako."

"Najua. Shambani kwangu mtoto mmoja hafyeki wenzake wakisoma."

"Huyo alikosa tuisheni ya Agosti yote. Amebaki nyuma. Ukitaka aingie darasani, leta pesa ya tuisheni, halafu Jumatatu uje paredi uwaombe walimu msamaha mbele ya shule. Hutaki, arudi darasa la nne."

"Arudi la nne kwa sababu alienda kutembea?"

"Kwa sababu mama yake alikula pesa ya tuisheni."

"Sikuikula, mwalimu. Nilipanda nayo basi."

Dirisha lote la darasa la tano likacheka. Akageuka, vichwa vikazama. Akanirudia na sauti ya chini, ile ambayo watu wazima hutumia kumwonea huruma mjinga.

"Eti likizo ng'ambo. Sasa Musoma nayo ni ng'ambo? Umekuwa meneja wa kampuni?"

"Wewe ulivuka mpaka wa kwenda wapi, mwalimu? Tuambie tu."

Hakuwa amevuka wowote. Alikunywa chai yake. Mimi nikaendelea kufyeka.

Sasa hilo neno la meneja nalijua vizuri, na ndilo lililonifanya nipande basi. Mama yangu alikuwa mchumaji kwenye mashamba makubwa ya kampuni, na mimi nililelewa kwenye nyumba za wafanyakazi. Kila shule zikifungwa tuliwaona watoto wa meneja wakiingizwa garini na masanduku yao. Wakirudi, pua zao zimechubuka kwa jua la kwingine. Nikamwuliza mama wameenda wapi. Akasema, likizo, ng'ambo. Nikamwuliza, na likizo yetu iko wapi? Akanyoosha mkono kuelekea kwenye michai. "Hiyo hapo. Chukua kikapu."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyojua. Lakini mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikachora ramani ya Afrika Mashariki kwenye mtihani na nikapata alama zote, na sikuwa nimewahi kutoka nje ya mstari hata mmoja niliouchora. Niliolewa karibu na Roret, tukapanda chai yetu, tukanunua ng'ombe, nikazaa wasichana wawili. Nikaapa kwamba hawa hawatanyooshewa kidole kuelekea kwenye michai kila shule ikifungwa.

Ndipo ikaja tuisheni. Shule ikifungwa Ijumaa, Jumatatu watoto wanarudi, na kila mtoto na pesa yake, hata wa darasa la pili. Aprili nililipa za wote wawili bila kuuliza. Nilidhani mtoto akiongezwa hesabu, amesaidika. Wiki ya pili nikamshika yule mkubwa mkono ili nimkate kucha, nikaona vidole. Kidole gumba na cha kando yake, vyeusi.

Mtu wa chai hadanganywi kwa weusi huo. Utomvu wa majani ukikukaukia, sabuni haitoi. Mikono yangu yenyewe iko hivyo mwaka mzima. Lakini mtoto wangu nilikuwa nimempeleka shule, si shambani.

"Leo mlisoma nini?"

"Hesabu kidogo. Halafu kilimo cha vitendo."

"Vitendo gani?"

"Kuchuma chai ya shule."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Baada ya chai ya saa nne. Mpaka lori likuje."

Hapo nikaelewa. Watu wengine huajiri wachumaji na kuwalipa kwa kilo. Mimi nilikuwa nimelipa ili mtoto wangu achukuliwe kuwa mchumaji. Pesa ya hayo majani ilienda wapi, sikuambiwa, na hakuna mzazi aliyeambiwa. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe isiyohitaji tuisheni: nikiweka pamoja pesa ya Agosti na ya Disemba kwa watoto wawili, ninafika wapi?

Aliyenijibu ni jirani yangu. Huyu ni mama wa kutoka upande wa ziwa; bwana yake na wangu wanafanya kazi kiwanda kimoja kule Mogogosiek. Dada yake mkubwa ameolewa Musoma.

"Unafika kwa dada yangu," akasema. "Na unarudi. Mimi huenda kila nikichoka na mume wangu. Nauli tu. Chakula ni cha dada, kulala ni kwa dada."

"Dada yako atakubali Wakipsigis watatu wasiojulikana?"

"Dada yangu anakubali mtu yeyote anayekuja na maziwa."

Basi hiyo ndiyo siri yangu ya likizo ya ng'ambo, na wengine wakitaka waige. Usitafute hoteli. Tafuta dada ya mtu. Nguo za kanisani ndizo za safari, hakuna kushona mpya. Viazi vikuu na mayai ya kuchemsha ya kula njiani, ili mtoto asililie soda kila basi likisimama. Na nenda Agosti, baridi imeshika, michai imelala, hupotezi majani mengi. Jirani alikubali kunichumia siku hizo, kilo zikawa zake.

Wanawake wa senta waliposikia, kazi ilisimama.

"Amepata mzungu!"

"Mzungu gani wa kumpeleka Musoma? Huyo ni wa bei ya chini."

"Na picha ya ndege utatuletea?"

"Nitawaletea samaki," nikawaambia. "Ndege hailiwi."

Bwana yangu naye hakukataa. Aliuliza tu, "Nani atakamua ng'ombe?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ng'ombe hatauliza."

Alikamua, mlango wa boma umefungwa ili majirani wasione mwanamume akifanya kazi ya wanawake. Wote waliona.

Tulipita Sotik, Kisii, Migori, mpaka Isebania. Pale mpakani tukapewa karatasi zetu za kuvuka. Upande wa pili, Sirari, askari wa forodha akakishika kibuyu changu. Nilikuwa nimejaza mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ambayo hukaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akarudi nyuma hatua.

"Mama, maziwa haya yana rangi gani?"

"Ya kijivu. Ni mkaa."

"Unawapelekea watu mkaa wanywe?"

Binti yangu mkubwa akaingilia kati kama mwalimu. "Si mkaa wa jikoni, ni wa mti wetu. Unasafisha kibuyu halafu maziwa hayaharibiki. Onja tu, hutakufa."

Akaonja. Akamwita mwenzake aonje. Mwenzake akamwita wa tatu. Wakaturudishia kibuyu kikiwa chepesi zaidi, na yule wa kwanza akauliza, kwa heshima sana, "Mama, mnarudi lini kupita hapa?"

Musoma tulilala kwenye mikeka, sisi watatu na watoto wa mwenyeji wetu, tukajifunika shuka moja moja, na kulikuwa na joto ambalo wasichana wangu hawakuwa wamelijua. Yule mdogo alijifunza kusema shikamoo siku ya kwanza, akamwamkia kila mtu, mpaka mbuzi. Yule mkubwa alitumwa sokoni na pesa ya kule, yenye masufuri mengi. Akawa anabadilisha kichwani, ya kwetu kuwa ya kwao, ya kwao kuwa ya kwetu, na mwuza dagaa hakumpunja hata mara moja. Hakuna aliyemlipisha kwa somo hilo.

Jioni moja wasichana walikuwa wakioga ziwani kwenye mawe, na mimi nimekaa kwenye jiwe la juu nikiwachunga. Nikatazama mikono yangu. Haikuwa na kitu. Haikuwa na kikapu, wala ndoo, wala mtoto, wala jembe. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na sikujua mikono hiyo niiweke wapi. Nikaikalia. Yule mkubwa akaniita kutoka majini, "Mama, sasa tuko nje ya ramani!" Nikamwambia, tuko ndani ya ramani, ila ukurasa wa pili. Akapiga mbizi akicheka. Pua yake ilikuwa imechubuka.

Na huyu ndiye mtoto wa kufyekeshwa nyasi. Yule mdogo alinusurika kwa sababu slasha ilikuwa inamzidi urefu.

Asubuhi ile niliifyeka nyasi yote aliyopangiwa, na binti yangu akakaa kwenye dawati lake. Kesho yake nikamsindikiza mpaka mlangoni mwa darasa, na keshokutwa yake, na mwalimu mkuu akawa ananitazama tu kutoka dirishani. Lakini alikuwa amesema: Jumatatu ni paredi, na msamaha, na pesa, au darasa la nne. Pesa nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeuza mbuzi. Ningeweza kulipa yakaisha, na jirani yangu alinishauri hivyo, akijua walimu wanavyoweza kumtesa mtoto kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba likizo ya mtoto wangu ni mali ya shule, na mimi niliitumia bila ruhusa.

Ijumaa nikavaa zile nguo za Musoma, nikaenda ofisi ya elimu. Karani alikuwa akila njugu.

"Malalamiko? Mama, hayo mpelekee mwalimu mkuu."

"Yeye ndiye ninayemlalamikia."

Akaichukua barua, akasoma mstari wa kwanza, akaacha njugu.

"Nani amekuandikia hii?"

"Mkono huu."

Akautazama mkono, na vidole vyake vyeusi. Halafu akatafuta muhuri, akagonga barua yangu na nakala yangu, nami nikasimama pale mpaka wino ukakauka. Nakala hiyo ninayo mpaka leo. Majina nimeyaondoa, mengine ni vile nilivyoandika.

Kwa Afisa wa Elimu.

KUH: MTOTO WANGU KUFYEKESHWA NYASI NA KUTISHIWA KURUDISHWA DARASA LA NNE

Bwana,

Mimi ni mzazi wa wasichana wawili katika shule iliyotajwa hapo juu. Karo yote nimelipa na risiti ziko. Ninamlalamikia mwalimu mkuu.

Mtoto wangu wa darasa la tano ametolewa darasani na kufyekeshwa nyasi kwa sababu alikuwa na mimi wakati shule imefungwa. Shule ikifungwa, mtoto ni wangu. Kama kuna sheria inayosema vingine, naomba nionyeshwe, maana kusoma ninajua.

Mwalimu mkuu anasema mtoto amebaki nyuma kimasomo. Naomba apewe mtihani wowote wa darasa la nne au la tano, mbele yako, hata leo. Akishindwa nitamrudisha la nne mimi mwenyewe. Asiposhindwa, abaki kwenye dawati lake, na lile jina la mtalii liishe.

Naomba pia uulize majani ya chai ya shule huchumwa na nani wakati wa tuisheni, na pesa yake huenda wapi. Usiwaulize walimu. Tazama vidole vya watoto.

Pesa ya tuisheni ya Agosti sitalipa. Msamaha wa paredi sitaomba. Jumatatu nitakuja paredi, nitasimama nyuma ya mtoto wangu kwenye mstari wa darasa la tano, na nitakaa hapo mpaka aingie darasani.

Mwisho, ninakujulisha mapema, ili isije ikasemwa sikusema: shule zikifungwa Disemba, watoto hawa hawatakuwepo. Tunaenda Jinja.

Ni mimi, mzazi.